Maiki ya Shangazi Mwanaidi

Asubuhi moja, nikiwa na miaka kumi na moja, nilitoka nyumbani Kanga kwenda kuchota maji. Nikaona lori la Mzee Nasoro, tajiri wetu wa kijiji, linawashwa, nikaacha ndoo chini ya mkorosho na kupanda juu ya magunia ya mbata, zile nazi zilizokaushwa. Sikuwa na mpango wowote. Nilitaka tu kujua sauti ya shangazi yangu inafikaje Kilindoni.

Wenzangu tuliokulia kisiwani kabla ya minara ya simu mtanielewa. Siku zile Kanga nzima ilikuwa na mdomo mmoja wa kusemea na dunia, nao ni redio ya upepo ya Mzee Nasoro, mnunuzi wa mbata. Ilikaa ghalani kwake, juu ya meza yenye kitambaa cha kufuma, ikila umeme wa betri ya gari. Nyingine kama hiyo ilikuwa dukani kwake Kilindoni, na ya tatu Dar. Tajiri aliziweka kwa biashara, lakini nani angewazuia watu? Nani kafariki, nani kajifungua, nani kafika salama Dar, yote yalipita mle. Sisi watoto tulichungulia dirishani, kisha tukaenda kuiga kwa makopo ya maziwa na uzi wa mshipi. "Kilindoni, Kilindoni, hapa Kanga, unanipata? Ova." Tulicheza hivyo mpaka kombolela ikasahauliwa, na harufu ya mihogo ya nazi ndiyo iliyoturudisha majumbani.

Msemaji wa redio ile alikuwa shangazi Mwanaidi, dada yake baba. Mguu wake mmoja ulipooza tangu utotoni, hivyo hakuweza kulima wala kwenda pwani kutafuta pweza na wenzake. Kiti kile cha ghalani ndicho kilichompa heshima. Wanawake waliokuwa wakimwita "yule kiwete" sasa walimwita Bi Mwanaidi na kumpisha mkekani. Sauti yake ilikuwa safi, kila neno limesimama peke yake.

Shida kubwa ya redio ile ilikuwa adabu zetu. Mtu wa Kanga hawezi kuanza na haja yake. Akipewa maiki ni shikamoo kwanza, asubiri marahaba, kisha habari za huko, watoto, mvua, mazao, na babu aliyeumwa jino mwaka juzi. Aliyekuja kutangaza msiba alimaliza salamu betri ikiwa imekwisha. Shangazi akawa anawapokonya kwa upole: "Bwana, salamu zako nimeshazipeleka. Sema neno lako."

Mwaka ule, baada ya mfungo, Kilindoni wakaanza kulalamika. "Kanga, rudia. Rudia tena. Mbona unasema kama umejiziba mdomo?" Shangazi akapandisha sauti, mambo yakazidi kuharibika. Akanywa tangawizi, akalamba asali na limau, akalala na kitambaa shingoni. Mzee Nasoro, mtu wa maneno machache, siku moja akasimama mlangoni pa ghala.

"Mwanaidi, sauti imechoka. Nakupa mpaka Ijumaa. Isiposikika, nitamleta mwana wa ndugu yangu toka Dar. Kiti hicho ni cha kazi, mama."

"Nimekusikia, mzee," alijibu shangazi. Siku ile hakula. Asubuhi iliyofuata ndiyo niliyopanda lori.

Msemaji wa Kilindoni aliitwa Shomari, mnene, mwingi wa utani. Akaniuliza mimi ni wa nani. Nikamwambia Mwanaidi ni shangazi yangu.

"Yule anayesema kutoka ndani ya mtungi? Kaa hapo umsikie mwenyewe."

Nikakaa. Sauti ya shangazi ilikuja kama ya mtu aliyefunikwa godoro. Punde Dar wakaita kwenye redio ileile, na mwanamume wa huko akasikika kama yumo chumbani. Basi redio ya Shomari ilikuwa nzima. Na shangazi mwenyewe alfajiri ile alinigombeza kutoka upande wa pili wa uwanja, nikasikia kila neno. Kosa lilikuwa mahali fulani kati ya mdomo wake na waya.

Shomari hakujua ni wapi, ila alinifundisha anachokijua. Maiki ikae shubiri moja kutoka mdomoni, kwa pembeni kidogo, pumzi isiipige usoni. Bonyeza, hesabu moja moyoni, ndipo useme. "Na usiipigie kelele, mwanangu. Maiki si kiziwi. Ukiipigia kelele inachanganyikiwa."

Nililala kwake, mkewe akanilisha mkate wa kumimina. Kesho yake nikarudi, nikachapwa nyumbani, nikachapwa tena shuleni. Mama alisema, "Mguu huu hautatulia mpaka ufungwe jiwe." Hakukosea.

Alhamisi alasiri nilimkuta shangazi ghalani akifanya alichokifanya kila Alhamisi. Alikuwa ameweka makaa kwenye chetezo, juu yake udi wa Maskati, zawadi kutoka nyumba ya Mzee Nasoro. Alifukiza chumba, akafukiza nguo zake za Ijumaa alizokuja nazo, kisha akaishika maiki juu ya moshi, ameifunika na mtandio kama anavyofanyiwa bibi harusi. Maiki ile ilipita vinywa vya kijiji kizima, vya ugoro, vya papa mkavu, vya vitunguu, na shangazi alikuwa msafi. Miaka yote nilimwona akiifukiza. Siku ile ndiyo nilipoona moshi unavyoingia kwenye vitundu vyake.

Alipokwenda kusali nikaifungua kwa msumari niliounoa. Ndani mlikuwa na kidude kidogo kama kifungo cha koti, na mbele yake kitambaa chepesi. Kitambaa kilikuwa cheusi, kinanata kama kitako cha kikaango. Vitundu vyote vimeziba. Nikainua macho, shangazi yuko mlangoni.

"Umefanya nini?" Hakupaza sauti, na hapo ndipo nilipoogopa.

"Ndani kuna masizi, shangazi."

"Masizi ya nini?"

Nikampa kile kitambaa. Akakinusa, akakaa kitako.

"Udi," alisema. "Nimejiziba mdomo kwa mkono wangu mwenyewe."

Baadaye alikata ncha ya mtandio wake, tukapata kitambaa kipya. Vitundu tulivizibua kimoja kimoja kwa mwiba wa mlimau, tukafunga skrubu, nikampimia shubiri ya Shomari.

Ijumaa asubuhi Mzee Nasoro alisimama nyuma ya kiti. Shangazi akabonyeza, akangoja kidogo, akaita.

"Kanga," alijibu Shomari, "nani huyo? Mwanaidi mmempeleka wapi?"

"Ni mimi, Shomari."

"Basi punguza, mama, utaniamshia watoto."

Mzee Nasoro akamwuliza amekunywa dawa gani. Mimi nikaomba kimoyomoyo aseme tangawizi. Udi ulikuwa wa nyumba ya tajiri, na maiki ilikuwa mali yake.

"Nilikuwa mzima, mzee," alisema shangazi. "Maiki ilijaa masizi ya udi niliokuwa nikiifukiza. Kosa ni langu."

"Udi wangu?"

"Udi wako."

Mzee akakitazama chetezo. "Kumbe miaka yote nilikuwa namfukiza Shomari."

"Wala hakuwahi kushukuru," alisema shangazi.

Mzee alicheka mpaka akavua kofia. Kisha akamwambia akae vizuri kwenye kiti chake, Dar walikuwa wanasubiri bei ya mbata.

Shule niliiacha darasa la sita, na tangu hapo nimetangatanga nikifungua kila chenye skrubu. Ghala la Mzee Nasoro sasa halina paa. Vijana wa leo kila mmoja ana maiki mfukoni. Wanaishika simu mbele ya mdomo kama wanataka kuing'ata, wanapiga kelele, na ujumbe wa sauti wa mama zao wanauongezea kasi mpaka mama anasema kama kasuku. Betri zimejaa, salamu zimekwisha.

Wiki iliyopita nilijikuta Utende bila sababu, nikavuka kwa mashua hadi kisiwa kidogo cha Chole, ambako maisha yangu yote nilikuwa sijawahi kulala. Mama mmoja akanipa chumba chenye kitanda cha kamba. Kabla sijafungua mfuko nikampigia shangazi, simu nikaiweka spika. Ni mzee sana sasa, macho yamekwenda. Sauti imebaki.

"Umepata pa kulala?"

"Nimepata, shangazi."

Akaanza kunipa habari za Kanga, moja baada ya nyingine, bila haraka. Mwenye nyumba alikuwa amesimama mlangoni na shuka mkononi. Akafungua mdomo kuniuliza huyo ni nani. Nikamwashiria kwa mkono angoje. Enzi zetu aliyesema alikuwa mmoja tu, na mpaka amalize, kisiwa kizima kilisikiliza. Yule mama akakaa kizingitini, shuka magotini, akasikiliza.