Mkalimani wa Dada Yangu

Dada yangu mkubwa ni kiziwi tangu utotoni, baada ya homa iliyompata kabla mimi sijazaliwa. Anashona sare za shule katika chumba cha kukodi Naro Moru. Mimi nina duka la dawa za mifugo mjini Nyeri, na kwa miaka mingi nilikuwa mdomo wake hospitalini. Akiugua ananitumia ujumbe kwa simu, namwachia jirani duka, tunakutana langoni.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Daktari hakumtazama yeye, alinitazama mimi. "Mwambie avute pumzi. Mwambie alale chali. Muulize inauma wapi." Nilimwambia kwa ishara tulizojitungia nyumbani tukiwa watoto: za maji, chakula, ng'ombe, maumivu. Yeye alikuwa amesoma shule ya viziwi na anajua lugha ya ishara yenyewe. Mimi sikuwahi kujifunza. Kwa hiyo maelezo marefu ya daktari yalimfikia yakiwa mafupi sana, na hakuna aliyelalamika.

Mwaka juzi alianza kukonda. Nilimwona kwenye mazishi ya shangazi yetu, gauni limempwaya. Nikamuuliza kama ni mgonjwa, akatikisa kichwa. Nikamwonyesha upande wa hospitali, akaniacha nimesimama, akaenda kusaidia kugawa chai.

Wiki chache baadaye mwanamke nisiyemjua alinipigia simu.

"Mimi ni wakili," alisema. "Dada yako yuko hapa kwetu, na ameomba uje."

Nilidhani amekamatwa. Nikafunga duka nikaenda mbio.

Ofisi yao ilikuwa chumba nyuma ya kanisa. Mawakili hukaa hapo wakiwasaidia bure watu wasiojiweza waliokwama katika mambo ya matibabu. Dada yangu alikuwa ameketi akitazamana na mwanamke mwingine, mikono ya wote wawili ikienda kasi, na alikuwa anacheka. Sikuwa nimewahi kumwona akizungumza namna hiyo. Yule mwanamke alikuwa mkalimani, wamejuana kanisani kwa viziwi.

"Dada yako alienda hospitali peke yake," wakili akaniambia. "Akarudishwa. Waliandika kwenye karatasi kwamba arudi na ndugu yake."

"Sasa si angeniambia? Mimi huja kila akiniita."

Wakili alimgeukia dada yangu na kumuuliza swali hilohilo, na mkalimani akalifasiri. Dada alinitazama kwanza, kisha akajibu polepole, na mkalimani akayatamka maneno yake.

"Kuna mambo ya mwili wangu siwezi kumweleza daktari kupitia kwako. Wewe ni ndugu yangu wa kiume. Ungeona aibu, na mimi pia."

Nilitazama sakafu. Nilikuwa na miaka arobaini na kitu, na hayo ndiyo yalikuwa maneno mengi zaidi niliyowahi kuyapata kutoka kwa dada yangu kwa mara moja.

"Mnataka kushtaki hospitali?" nikauliza.

"Tukilazimika," wakili akasema. "Kwanza tutaongea nao."

Waliniomba niende nao. Msimamizi wa hospitali, mama wa makamo, alitupokea vizuri, lakini hakuona tatizo liko wapi.

"Ati mkalimani? Na huyu ndugu yake si yuko? Tumemzoea."

"Wewe ungekubali ndugu yako akuulizie daktari mambo ya uzazi?" wakili akauliza. Hakupandisha sauti. Akamweleza kwamba Katiba inampa dada yangu haki ya kutumia lugha ya ishara, na kwamba angependa jambo hili liishie mezani hapo kuliko mahakamani.

Msimamizi akaomba muda wa kushauriana na wenzake. Halikufika mahakamani. Hospitali ilikubali kumwita mkalimani kila mgonjwa kiziwi anapopewa siku ya kuja.

Siku ya dada yangu ilipofika nilimsindikiza kwa mazoea. Mlangoni muuguzi akanizuia: "Wewe subiri kwa benchi." Nikakaa. Dada alikaa ndani na mkalimani muda mrefu kuliko tulivyowahi kukaa pamoja. Alipotoka macho yalikuwa mekundu lakini anatembea wima. Aliniambia kwa ishara ya nyumbani kwamba ana njaa, tukaenda kula.

Baadaye alifanyiwa upasuaji, akapona, akarudi kwenye cherehani yake. Ugonjwa ulikuwa upi sikuambiwa, na sikuuliza.

Mkalimani alinialika kwenye darasa la ishara la Jumamosi. Nilienda mara chache, kisha kazi za duka zikanizidi. Dada husema mikono yangu inagugumiza, na nikikosea herufi ya vidole huushika mkono wangu na kuvikunja vidole upya mwenyewe.