Kiondo Kisichotiwa Mkanda

Nakumbuka Jumatatu moja, mjukuu wangu Nyambura, nikiwa msichana wa miaka ishirini na moja, kichwa kigumu kama chako. Usicheke. Weka hiyo simu chini unisikilize, kwa sababu nimesikia umemwomba yule rafiki yako mkimbizi, unayekaa naye mtaa wa Skuta kule mjini, aahirishe safari yake ya ubalozini mpaka siku yako ya kuletewa mahari ipite. Ati siku nne tu. Siku nne nazijua mimi.

Wakati huo mama yangu alikuwa amempangisha mwanamke mmoja chumba cha nyuma, hapa hapa Mweiga. Aliitwa Hodan. Vita vilimtoa kwao, na katika kukimbia wakapotezana na mumewe. Mume akapokelewa nchi ya mbali, ng'ambo, pamoja na binti yao Ifrah, mtoto wa miaka minne. Hodan alikuwa akishona nguo sokoni, na kila Jumamosi alienda Nyeri mjini kumpigia mtoto simu. Akirudi ananiigizia Ifrah alivyosema, tunacheka wee, halafu ghafla anaanza kukunja mtandio wake, anaukunja na kuukunjua.

Nilimpenda, sitaficha. Dada zangu wote walikuwa wameolewa. Hodan ndiye aliyenisuka nywele, akanifundisha kupika chai yao ya viungo, na kunigombeza nikichelewa kurudi. Sijapata tena rafiki kama yeye, na hivi nilivyo na mvi bado namtamani.

Basi siku hiyo barua ikaja. Ilimwambia apeleke karatasi zake ubalozini Nairobi siku yoyote wiki hiyo. Enzi hizo, aliyefukuzwa na vita aliruhusiwa kumfuata mumewe bila masharti mengi. Hodan alitaka kuondoka kesho yake asubuhi. Nikamshika mkono.

"Hodan, kwetu mtu wa nyumba haendi safari kubwa mikono mitupu. Nakusukia kiondo, imebaki kidogo tu. Ngoja mpaka Ijumaa."

"Lakini barua..."

"Si imesema wiki hii? Ijumaa si ni wiki hii?"

Aliitazama barua, akanitazama mimi. Alikuwa na adabu za mgeni, mwanangu, na mgeni wa adabu hawezi kukataa zawadi ya mwenye nyumba. Nililijua hilo, nikalitumia.

Sasa nikwambie jambo ambalo sikumwambia hata marehemu babu yako. Kiondo kilikuwa karibu kuisha. Jumanne nilifumua mistari mitatu. Jumatano nikafumua mingine miwili. Nilitaka tu tukae pale mlangoni tukipiga hadithi, kama siku zote, kabla hajaenda. Mama alikuwa Othaya akimtunza dada yangu aliyejifungua, kwa hivyo hapakuwa na mtu wa kunikanya.

Ijumaa Hodan akaenda. Kiondo kilikuwa bado hakijatiwa mkanda wa kubebea, nikamwambia nitautia akirudi kuaga. Kule ubalozini akaambiwa sheria za viza zimebadilika jana yake. Waliopeleka karatasi mapema watapita kwa njia ya zamani. Wengine wote, mume aonyeshe kwanza mshahara mkubwa na nyumba ya kutosha. Na mumewe alikuwa akiosha vyombo hotelini, jamani.

Aliporudi aliketi kitandani na viatu vyake miguuni. "Ifrah aliniuliza nitavaa nguo gani siku ya kufika," akasema, kisha akalia mpaka nikaogopa. Niliona haya mpaka nikashindwa kumshika bega.

Mama alipotoka Othaya nikamweleza yote. Hakunipigia kelele. Aliniuliza tu, "Hicho kiondo ulikuwa unamsukia nani, yeye ama wewe?" Jibu nililijua.

Hodan alingoja miaka saba. Hakunilaumu hata siku moja, na afadhali angenilaumu. Alipofika huko mwishowe akanipigia simu. Nikamwuliza kwa furaha, "Ifrah alikukimbilia?"

"Alinipa mkono," akasema. "Vile mtu anasalimia mgeni wa baba yake."

Kiondo chenyewe, nilichoshindwa kumpa, ndicho hicho ukutani, unachotilia vitunguu tangu ukiwa mdogo, ukiniuliza kwa nini sikitii mkanda.

Wewe mwenyewe uliniambia rafiki yako ana mtoto anayemngoja ng'ambo, na kwamba sheria za waliokimbia vita zinabadilishwa tena, hakuna anayejua ni siku gani. Basi usimpende mtu kwa kumchelewesha. Mbuzi wako wataletwa, tutaimba, na wewe utageuka kumtafuta pembeni yako umkose. Utaumia. Umia tu, mwanangu, kwenda ni haki yake. Kesho mwamshe alfajiri, mpikie chai, mbebee begi mpaka stendi. Kama hujamwandalia chochote, aende hivyo hivyo mikono mitupu.

Mungu akupe nyumba yenye wageni wengi, na akupe nguvu ya kuwafungulia mlango wakitaka kwenda. Na yule mtoto huko aliko, Mungu amjalie amwone mama yake kwa mbali, amtambue, na amkimbilie.