Paka Aliyekuwa Haishi Kushiba

Mara mbili fundi cherehani alimpeleka paka wake akafungwe kizazi, na mara mbili daktari wa mifugo alimrudisha, kwa sababu paka alikuwa amekula. Aliyemlisha ni mama mkwe wake fundi.

"Mama, si nilikuomba asile chochote tangu jana usiku?"

"Alilia, mwanangu. Ningefanyaje?"

Mara ya tatu fundi alimfungia paka bafuni. Asubuhi alimkuta mama mkwe amepiga magoti, anapenyeza vipande vya samaki chini ya mlango. Fundi aliwabeba wote wawili hadi kwa daktari.

"Bibi, akitapika akiwa kwenye usingizi wa dawa, matapishi yatampalia afe," daktari alisema.

"Mbona hukuniambia?" mama mkwe alimgeukia fundi, ambaye alikuwa amemwambia mpaka mate yamemkauka.

Siku ya pili yake paka alikuja na njaa, akapasuliwa salama. Sasa mama mkwe habanduki kando yake, asije akaruka au kulamba mshono. Cherehani ameitoa nje, eti inampigia mgonjwa kelele. Wiki nzima fundi anashonea juani, akisonya.