Bidon Yetu Nyuma ya Jirani

Siku liste ya wagombea wa chama ilipofika kutoka Kinshasa, nilitoka nyuma ya nyumba kutafuta kitu cha kupiga teke. Mguu ukakuta bidon, dumu la maji la koko, mama wa mama yangu. Njano yake imefifia kama meno ya mvuta tumbaku, lakini mustari mwekundu bado uko, ule aliouchora mwenyewe ili majirani wasijifanye wamesahau ni ya nani. Teke likanifia mguuni.

Unanijua, mimi si mutu wa kutembea-tembea. Mke wangu ananiita Papa Fotei, na siwezi kumshitaki, maana fotei, kiti chetu cha sebuleni, ina shimo la umbo langu. Lakini mwezi uliopita nilivaa viatu nikaenda uwanja wa parokia kuchagua candidat wa chama, chama ambacho jina lake ni refu kuliko kazi yake. Kilisema safari hii mtaa wetu wa Mapendo utajichagulia mutu wake. Tulipanga mistari nyuma ya wale tunaowataka, na mustari wa muuguzi wa avenue yetu ulitoka uwanjani ukapinda barabarani. Aliahidi kitu kimoja tu: maji yarudi kwenye robinet, bomba la avenue. Nilisimama juani mpaka pua ikabanduka, nikarudi na furaha ya mutoto wa komunyo ya kwanza.

Halafu hiyo liste. Jina la muuguzi hakuna. Kuna bwana mmoja anayeishi Kinshasa ambaye, ukimwonyesha volkano yetu ya Goma ikitoa moshi, ataita zimamoto.

Basi nikaikalia bidon, na utoto ukanirudia.

Robinet ya avenue ilikuwa moja. Asubuhi ulisikia bidon tupu zikigongana juu ya mawe meusi, chukudu, zile baiskeli za mbao, zikiteremka na kabichi za Kibumba huku magurudumu yakilia, na koko akikohoa moshi wa makala ya jiko huku maharagwe yakitokota. Koko ndiye alikuwa mama wa robinet. Ufunguo aliuvaa shingoni pamoja na rozari, nasi watoto hatukujua kipi ni kitakatifu zaidi. Yeye ndiye aliamua nani achote kwanza: wenye watoto wachanga, wagonjwa, halafu wengine, na mwisho wenye kelele.

Kila mwaka, baada ya misa ya Pasaka, avenue ilichagua upya. Karatasi hazikuwepo. Wanawake wanaotaka ufunguo walisimama kando ya robinet, na kila nyumba ikaweka bidon yake nyuma ya yule inayemtaka. Ikisha kukaa, haihamishwi. Kisha ziliondolewa mbili mbili, moja huku, moja kule, mpaka upande mmoja uishe.

Mwaka ule mpinzani wa koko alikuwa jirani, mama aliyeshuka na watoto wake kutoka milima ya Masisi. Sisi tulikuwa watu wa upande wa Bukavu, na kulikuwa na minong'ono ambayo watoto hawakutakiwa kuisikia, kwa hiyo niliisikia yote. Koko akanituma na bidon. Nami, mpigakura wa miaka saba, nikamwona binti wa jirani, nyuma ya mama yake, akigawia watoto maziwa ya mgando. Nikaiweka bidon chini palepale, mikono yote miwili ipate kushika kikombe.

Zikaondolewa mbili mbili. Upande wa koko ukaisha. Upande wa jirani ikabaki moja, ya njano, yenye mustari mwekundu. Avenue nzima ikanigeukia. Midomo yangu ilikuwa myeupe kwa maziwa.

“Eh, koko!” mama mmoja akasema. “Mutoto alikosea tu. Irudishe kwako, moyo wako tunaujua!”

“Mimi ndiye nilikosa kufundisha mutoto,” koko akajibu. “Bidon haikukosa. Imekaa, imekaa.”

Akavua ufunguo. Ukanasa kwenye rozari, akahangaika nao mpaka tukaona aibu kumwangalia. Akamvalisha jirani. “Shika. Na usisahau, wenye kelele ni wa mwisho. Leo niko na kelele.” Akabeba bidon yake, akaenda mwisho wa mustari.

Nyumbani alinipa maharagwe bila chumvi siku mbili. “Kumuuza koko wako kwa kikombe cha maziwa!” akasema. “Weye utakuwa depite kule bungeni.”

Yule binti wa maziwa ndiye muuguzi wetu wa leo.

Jana mjumbe wa chama alikuja na tisheti yenye sura ya bwana wa Kinshasa.

“Papa, mutuunge mukono. Umoja kwanza.”

“Mustari wetu muliuona?”

“Tuliuona, papa. Ulikuwa murefu kabisa. Lakini bakubwa baliona inafaa mutu mwenye uzoefu.”

“Uzoefu wa nini? Wa kukaa? Kukaa hata mimi najua.”

“Na diplome anayo!” mke wangu akapaza sauti kutoka jikoni.

Mjumbe akacheka, akaacha tisheti, akaenda kudanganya nyumba inayofuata. Mimi nikaenda kwa muuguzi. Alikuwa akifunga kidonda cha mutu wa pikipiki.

“Papa Fotei, mara mbili umetoka? Utaugua.” Kisha akainamia bandeji. “Mimi nilitaka ile robinet tu.”

Robinet bado iko, imeota kutu, kuku wanalala juu yake. Leo nimeteremka ziwani kuchota maji kwa bidon ya koko. Kifuniko chake kilipotea zamani, nikakunja tisheti ya bwana yule, nikaziba nayo. Ni kazi yake ya kwanza kwa wananchi wa Goma. Njiani nikamkumbuka koko. Alishindwa kwa bidon moja, tena yake mwenyewe, akaenda kupanga nyuma. Hawa wa chama wameshindwa kwa mustari mzima, na ona, wako mbele yetu, wameshika ufunguo.