Fulu wa Tumboni

Mimi ni mtu wa kushuku. Maziwa nayanusa kabla ya kuyachemsha, na mtu akinisifu najiuliza anataka nini. Tabia hiyo ilinifaa sana Kampala ya miaka ya tisini, nilipohamia Luzira na mume wangu, askari kutoka kaskazini, tukapanga chumba juu kidogo ya Port Bell, bandari ya ziwani.

Binti yetu wa miaka mitatu akaugua surua. Zahanatini walimtibu, homa ikashuka, lakini hamu ya kula haikurudi. Akabaki mifupa mitupu, nami nikaogopa kweli kweli. Jirani yangu Mganda akaniambia nimsagie nkejje, nimtilie kwenye uji. Kwao mtoto akitoka kwenye surua hulishwa hivyo.

Nkejje! Kwetu Kenya, pale mto unapoingia katika ziwa hilohilo, tuliwaita fulu: visamaki vya urefu wa kidole, tukiwatupia paka. Sasa nilizunguka soko zima nisimpate hata mmoja. Mbuta, yule samaki mkubwa aliyeletwa ziwani na watu, alikuwa amewamaliza, na gugu maji lilikuwa limefunika ufuo hadi maji chini yake yakaoza. Ni mama mmoja tu aliyekuwa na kikapu cha nkejje.

Kwa nini yeye tu? Nikawageuzageuza samaki wake. Walikuwa weupe, hawana magamba, mapezi yamelika. Nikajua huyu anakausha watoto wa mbuta na kutuuzia kwa jina la nkejje. Nikamwambia hivyo mbele ya watu.

"Nyabo, hii nkejje kabisa," akasema, akiniita bibi kwa Kiganda. "Usijari."

Nilinunua ili nimuumbue. Nyumbani nikapasua kichwa cha mmoja, nikatafuta kile kifupa cha kooni chenye vimeno vidogo, ambacho utotoni tulikitoa kwenye fulu na kuchezea. Kilikuwepo. Alikuwa fulu halisi! Nikawasaga wote, nikaonja unga mwenyewe kwanza, nikampa mtoto, naye akamaliza bakuli. Hata hivyo roho haikutulia. Lisemwalo lipo, na mimi nilikuwa nimekwisha kusema.

Asubuhi yake nikashuka ufukoni kumchungulia. Nilimkuta kati ya akina mama wanaowapasulia wachuuzi mbuta. Alikata tumbo la mbuta, akaingiza vidole, akatoa fulu watatu, akawasuuza na kuwaanika juu ya gunia. Nikamsogelea, nikapaza sauti.

"Unamlisha mwanangu vitu vilivyokwisha kuliwa!"

Hakuinua hata kichwa. "Sasa nkejje iko wapi, nyabo? Kwa maji hakuna. Yote iko kwa tumbo ya mbuta. Mimi natoa huko."

Niliondoka nimenuna, nimeapa kuutupa ule unga. Lakini mlangoni binti yangu alinipokea na bakuli lake tupu mkononi. Tangu augue hakuwahi kuomba chakula. Nikakoroga uji, nikatia ule unga.

Wiki mbili baadaye mashavu yake yalikuwa yameanza kurudi, na unga umekwisha. Nikarudi kwa yule mama, nimemeza maneno yangu yote. Hakunikumbusha. Alichukua kisu, akapasua mbuta wa kwanza, wa pili, hadi wa tano. Ndani mlikuwa na uduvi, na visamaki vyeupe vya urefu wa kidole, mapezi yamelika. Nikanyoosha mkono.

Akanishika kiganja. "Hii si nkejje. Hii mutoto ya mbuta. Imekosa kitu ya kukula, sasa inakula mutoto yake."

Nikamwambia hata hao watafaa, anifungie tu kama nkejje, nani atajua? Akawatupa kwenye gugu maji.

"Kesho utasema mimi naibia watu."

Nyumbani binti yangu alikuwa akingoja uji wake. Maisha yangu yote nimeogopa kudanganywa. Siku ile nilimsihi mtu anidanganye, akakataa.