Peni Yangu na Mududu Bila Ukuta

Wakati wa maasi, mimi ndiye nilikuwa dokta wa mutaa wetu wa Mabanga, na masomo sina. Nilikuwa na kopo ya peniselini, tuliiita peni, basi, na vidonda vya watu vilikauka. Aa, siku zile! Mutu alikuwa anakuja kunisalimia na ndizi mukononi.

Kisha moto ya mulima wa volkano ikameza nyumba zetu, tukalala chini ya turubai pamoja na majirani. Bibi yangu wa ndoa, Mama Zawadi, akaanza kukohoa. Nikamupa peni. Juma zikapita, anakonda, pumzi inamupotea. Nikaogopa. Nikawaza: huyu mwanamuke anatema dawa! Nikamupeleka kwa munganga wa hospitali, amukaripie.

"Anatupa dawa yangu!" nikasema mbele ya foleni nzima.

Munganga, binti mupole, akamusikiliza kifua. "Hapana, papa. Peni inaua mududu kwa kuvunja ukuta wake. Kuko mududu ingine ya mapafu, yenyewe haina ukuta. Nazani ni ile. Sasa peni itavunja nini? Nitamupa dawa ingine, atapona."

"Kumbe inaishi kama sisi, kwa turubai!" Mama Zawadi akasema, akacheka mupaka akashika mbavu. Alipona kweli; uzee ndio ulimuchukua kisha, Mungu amulaze pema, kile kicheko ningali nakitafuta.

Munganga akageukia foleni: "Nani tena anakohoa na amekunywa peni?"

Benchi yote ikanyoosha mikono.

"Nani aliwapa?"

Mikono ikashuka polepole, ikanielekea mimi.

"Ni dokta wetu, huyu hapa!"