Bei ya Mwalimu Kezia

Mwalimu Kezia hakuwa mtu wa kuamini hongera. Rachid, mnunuzi mkubwa wa mawese hapa Rumonge, alipomletea kapu la ndagala, wale dagaa wa ziwani, kusherehekea mwaka mmoja wa jarida lake, alishukuru, akafunga mlango, akaanza kunusa. Si ndagala, bali hila.

Jarida lenyewe lilikuwa ukurasa mmoja wa habari za uchumi, aliouandika kila Ijumaa na kuutuma kwenye simu za watu: bei ya muhogo, samaki, sabuni, mawese. Alilianzisha kwa hasira. Mama mkwe wake, Evangelina, alikuwa na michikichi Minago, na wanunuzi walikuwa wakimpunja wakimwangalia usoni. Akijua bei, nani atampunja? Sasa mnunuzi ndiye anayeleta zawadi. Tangu lini paka akampongeza anayewaamsha panya?

Akasoma upya matoleo yote ya mwaka. Sabuni ilipanda, nauli ilipanda, hata chumvi. Mawese yalikaa palepale, kiangazi na masika. Moyo ukamchemka. Bei za Minago aliletewa na Fabiano, fundi baiskeli, aliyemwamini kama ndugu. Kikulacho ki nguoni mwako! Rachid kamnunua huyu.

Jumamosi akaenda Minago, akamkuta Fabiano anaziba pancha.

“Rachid anakupa nini?”

“Rachid? Hata chai hajanipa, mwalimu.”

“Basi bei unaitoa wapi?”

“Kwa wenye kukamua mawese. Ninawaulizaka kila Alhamisi.”

Hakumwamini hata chembe. Akamkokota hadi kwenye mashine ya kukamulia iliyokuwa karibu. Mwenyewe, Anastasie, aliacha kuchochea moto akaja kumsalimu kwa mikono miwili.

“Amahoro, mwalimu! Bei? Bei iko ile yako. Fabiano akiuliza, tunamuambiaka ile uliandika. Mutu gani atabishana na mwalimu?”

“Na Rachid?”

“Yeye anaonyeshaka jarida yako kwa simu tu. Siku hizi hata habishani.”

Kezia akakaa juu ya bidoni tupu, dumu la mawese. Hakuna aliyenunuliwa. Mwaka mzima alikuwa akiwauliza watu bei, nao wakimrudishia maneno yake mwenyewe. Aliona aibu hata ya kumtazama Fabiano usoni.

Simu ikalia. Ni mama mkwe.

“Mukazana wangu, Rachid iko hapa na kamyo yake ya kubeba mawese. Nimemuambia angojee kwanza wewe useme. Mawese iko bei gani?”

“Usiuze, mama,” Kezia akasema. “Mimi bei siijui.”